Bei ya Ganyu Haishuki Yenyewe: Ushauri kwa Wafanyakazi wa Dzaleka na Lilongwe

Anayepanga malipo ya ganyu, yaani kibarua cha siku, Dzaleka si mwenye shamba peke yake. Alfajiri gari linasimama kando ya barabara, mwenyewe anashusha kioo, anasema anataka watu kumi wa kupalilia mahindi na anataja kiasi. Kabla hajamaliza, mtu wa nyuma ameshainua mkono: mimi naenda hata kwa pungufu ya hapo. Wa pembeni naye anashusha. Dakika chache baadaye bwana anaondoka na watu kumi na wawili kwa pesa aliyokuja nayo kwa ajili ya kumi, na wala hakubishana na mtu.

Siwalaumu walioinua mkono. Mtu ambaye watoto wake walilala na chai ya rangi hana nafasi ya kungoja bei nzuri. Ila ukitaka kujua chama cha wafanyakazi huanzia wapi, huanzia hapo, mapema kabla ya katiba, muhuri na fulana za Mei Mosi. Watu kumi wanakubaliana jioni kwamba kesho hakuna atakayepanda gari chini ya kiasi fulani, na kesho yake kweli hakuna anayepanda. Wakifanya hivyo mara tatu, bwana ataanza kuuliza msemaji wao ni nani.

Nawaandikia wafanya ganyu, mafundi cherehani, wasusi, walimu na wakalimani wanaolipwa insentivu (posho ya mashirika), wasaidizi wa madukani na wafanyakazi wa nyumbani wa Lilongwe. Ni Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Wamalawi. Mmalawi nimemtaja mwisho makusudi, na nitamrudia, kwa sababu bila yeye hamtafika mbali.

Kwanza mjue mmesimama wapi kisheria, msije mkaingia shimoni mkidhani ni njia. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo 1987, lakini ikasema vifungu kadhaa itavichukua kama mapendekezo tu. Miongoni mwake vimo vinavyohusu kazi ya mshahara, kujiunga na vyama, sheria za kazi na uhuru wa kutembea. Sheria ya Wakimbizi ya 1989 nayo haikuziba pengo hilo. Ndiyo sababu kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 katika eneo lililokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, ikapangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, leo ina zaidi ya 50,000 ambao rasmi wanatakiwa wakae humo humo. Mei 2023 tuliona amri hiyo ikitekelezwa: polisi walipita Lilongwe na miji mingine wakikusanya familia, maduka yakafungwa, wengine wakapitia gereza la Maula kabla ya kurudishwa Dzaleka.

Upande wa pili ipo Katiba ya 1994, ambayo kifungu chake cha 31 kinawapa watu wote haki ya malipo ya haki na haki ya kuunda au kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Kimesema watu wote, hakikusema raia. Ipo pia Sheria ya Mahusiano Kazini ya 1996, iliyoweka taratibu za Mahakama ya Mahusiano ya Kazi. Kwa hiyo pana mlango upande mmoja na ukuta upande mwingine, na mkimbizi anayefanya kazi amesimama katikati. Ushauri wangu ni kwamba pambano lenu la kwanza lisiwe la kutafuta kipi kinamshinda mwenzake. Hiyo ni kesi ya miaka, inahitaji wanasheria na fedha, na ikishindwa itawaumiza hata wasiohusika. Waachieni wanasheria waitafakari. Ofisi ya Msaada wa Kisheria ya serikali ipo na ni vizuri mtu wenu mmoja aijue njia ya kufika. Ninyi anzeni na kitu kinachoweza kupatikana mwezi huu.

Kitu hicho mkichague kwa makini, kwani makundi mengi hufia hapa. Jambo la kuanzia liwe linawagusa wengi, liwe dogo kiasi cha ninyi kuweza kulishinda, na liwe na mtu mmoja anayeweza kusema ndiyo. "Tupewe haki ya kufanya kazi Malawi" ni dai la haki kabisa, lakini mwenye kulijibu yuko wizarani na bungeni, hamumjui naye hawajui ninyi. "Tulipwe jioni ile ile tuliyomaliza kazi, tusiambiwe turudi Ijumaa" lina mtu wa kulijibu, na ana jina na shamba. Kwa msusi anayefanya kazi kwenye saluni ya mtu, dai linaweza kuwa kwamba mwenye saluni asikate nusu ya pesa ya mteja ilhali nywele za bandia na mafuta amenunua msusi. Kwa kijana wa duka Lilongwe linaweza kuwa siku moja ya mapumziko kwa wiki. Watu wakishinda jambo dogo wanapata kitu ambacho hotuba haiwezi kuwapa: wameona kwa macho yao kwamba kusema pamoja kunaleta pesa mkononi.

Wa insentivu nataka nikae nao kidogo, kwa sababu hali yao inachanganya wengi. Mwalimu mkimbizi na mwalimu Mmalawi wanaweza kufundisha shule moja, mmoja akapokea mshahara na mwenzake akapokea posho. Ukiuliza, utaambiwa sheria hairuhusu kumwajiri mkimbizi, na jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini sheria hiyo haikumwambia mtu yeyote acheleweshe posho wiki tatu. Haikukataza karatasi inayoeleza kazi yako ni ipi, inaanza saa ngapi na inaisha lini. Haikukataza mama aliyejifungua apewe muda na akirudi aikute nafasi yake, wala haikumzuia mtu anayeosha vidonda kupewa glovu. Mambo hayo yote yako ndani ya uwezo wa shirika bila kugusa sheria hata moja, kwa hiyo mnapokwenda kuzungumza, msikubali mazungumzo yaishie kwenye neno "sheria". Uliza, kwa upole: hili nalo sheria imelikataza wapi?

Nguvu ya watu wa insentivu ni kwamba hawabadilishiki kirahisi. Mkalimani wa kliniki akibaki nyumbani siku moja, daktari na mgonjwa wanabaki kuangaliana. Hata hivyo mimi ni mpinzani wa mgomo wa kliniki katika kambi kama hii, kwa sababu anayeumia siku hiyo ni shangazi yako, na jirani hatasahau. Ipo njia nyingine yenye nguvu zaidi na hatari ndogo. Mashirika yana vikao vya kuratibu kazi zao. Wafanyakazi wao hawana. Kaeni wakalimani, walimu, wahamasishaji wa afya na walinzi wa mashirika yote, kila mmoja aje na kiwango chake na masharti yake, myaandike kwenye karatasi moja. Mtagundua kazi ile ile inalipwa tofauti kutoka ofisi hadi ofisi. Karatasi hiyo, ikiwasilishwa kwa heshima kwa ofisi zote siku moja, inasema mengi ambayo malalamiko ya mtu mmoja mmoja hayajawahi kusema. Na hakuna aliyeacha kazi hata saa moja.

Namna ya kuwapata watu ni mazungumzo ya mtu na mtu. Mkutano wa hadhara uje baadaye sana. Nimeona watu wakikodi viti, wakaita umati, wakahutubia juu ya ukombozi, na wiki iliyofuata wakabaki wanne. Mtafute mtu mmoja anapokuwa na nafasi, muulize kazi inaendaje, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Ukimwambia matatizo yake kabla hajayasema, ataitikia tu kwa adabu. Akiyasema mwenyewe, muulize: nani mwingine yamempata? Muulize pia watu pale kazini wanamwendea nani wakiwa na shida. Mara nyingi jina litakalotajwa halitakuwa la msemaji hodari, litakuwa la mama fulani mtulivu anayekopesha unga na kusuluhisha ugomvi wa kisimani. Huyo ndiye kiongozi, hata kama hajui. Mfuate yeye.

Na saa ya kukutana iangaliwe. Mkipanga saa kumi na mbili jioni mmewafungia nje wanawake wote, na katika kilimo, ususi na kazi za nyumbani mtabaki chama cha wachache. Pangeni baada ya ibada, au mchana wa siku isiyo na soko, watoto waje nao. Msipange siku ya mgao, kwani foleni haina huruma na akili za watu ziko kwingine.

Wafanyakazi wa nyumbani wa Lilongwe ni kundi gumu kuliko yote, kwa sababu kila mmoja yuko peke yake nyuma ya ukuta wa mtu. Huwezi kusimama geti la nyumba ya Area 10 ukagawa vikaratasi. Kenya, chama cha KUDHEIHA kiliona hilo na kikawapanga kwa vikundi vidogo vya mtaa walivyoviita mwavuli; Tanzania, CHODAWU nacho kimewafuata wafanyakazi wa nyumbani kwa miaka mingi. Njia yao inafaa hapa: tafuta wanapokutana wenyewe, yaani kituo cha minibasi, kanisani Jumapili, sokoni asubuhi wanapotumwa mboga. Watano wa mtaa mmoja wanatosha kuanza, wakijuana majina na nyumba, ili mmoja akifukuzwa usiku bila mshahara ajue mlango wa kubisha. Kwao pia kuna takwimu ya kuwaambia. Kima cha chini cha mshahara Malawi kilikuwa kwacha 50,000 kwa mwezi mwaka 2021, kikapandishwa hadi 90,000 mwaka 2024, lakini mfanyakazi wa nyumbani akatengewa chake cha chini zaidi, 52,000. Hiyo ni baada ya kwacha kushushwa thamani kwa asilimia 44 mnamo Novemba 2023. Wengi hawajui hata kwamba kiwango chao kipo, na viwango hubadilika, kwa hiyo kazi ya kwanza ya kikundi iwe kuuliza ofisi ya kazi kiwango cha mwaka huu na kukisambaza kwa mdomo.

Sasa Mmalawi. Katika kambi utasikia kwamba Wamalawi wanatuonea wivu, na vijijini kuzunguka Dowa utasikia kwamba wakimbizi wameharibu bei ya ganyu. Maneno yote mawili yanamfaa mtu mmoja tu, mwenye shamba. Akimwambia Mmalawi kwamba Mkongomani atafanya kwa bei ndogo, na akimwambia Mkongomani kwamba Mmalawi hana shida ya vibali, anawapata wote wawili kwa bei anayoitaka. Makubaliano ya bei yaliyofanywa na wakimbizi peke yao yatavunjwa siku ya pili na wanakijiji wenye njaa kama yenu, na nisingewalaumu. Kwa hiyo kikundi kiwe na watu wa kambini na wa vijijini tangu siku ya kwanza, na bei ijadiliwe nao kabla haijatangazwa.

Hapo ndipo lugha inapokuwa jambo zito. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha wengi Dzaleka, na tunakipenda, lakini chama kinachoendesha vikao vyake kwa Kiswahili pekee nchini Malawi kitakufa. Kitamfungia nje Mmalawi, na kitamfanya Msomali na Mwethiopia kuwa wageni mara mbili. Wenye kutaka uongozi wajifunze Chichewa cha kutosha kujadili pesa. Cha salamu peke yake hakitoshi. Agenda isomwe kwa lugha mbili, na mkalimani akae pembeni ya anayehitaji. Kikao kitakuwa kirefu. Vumilieni.

Wanaodhani mgeni hawezi kujenga chama cha wafanyakazi, niwakumbushe mtoto wa nchi hii hii. Clements Kadalie alizaliwa Nyasaland, Malawi ya leo, upande wa Nkhata Bay, akasomea ualimu kwa wamisionari wa Livingstonia, kisha akashuka kusini kutafuta maisha kama maelfu ya vijana wa wakati wake. Mwaka 1919 akiwa Cape Town, mgeni asiye na ukoo wala kabila pale, alianzisha chama cha ICU, na Desemba mwaka huo wachukuzi wa bandarini wakagoma. Mwaka 1920 serikali ikatoa amri afukuzwe nchini. Wenzake wakahangaika hadi ikafutwa. Kufikia 1927 ICU ilidai wanachama kama 100,000, kikiwa chama kikubwa kuliko vyote vya Waafrika kusini mwa bara. Mmalawi akikuuliza kwa nini mgeni aingilie mambo ya kazi hapa, msimulie habari ya Kadalie. Wengi wanalijua jina lake.

Lakini simulizi nzima ina nusu ya pili, na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi. ICU kilikua haraka kuliko daftari zake. Ada zilikusanywa, hesabu hazikueleweka, viongozi wakatuhumiana, tawi la Natal likajitenga chini ya A.W.G. Champion mwaka 1928, na mwaka uliofuata Kadalie mwenyewe alikuwa nje. Ulaghai wa waajiri na ukali wa polisi vilichangia, ila pesa ndiyo iliyopasua ndani.

Bahati nzuri shughuli hii ya pesa mnaijua kuliko mnavyofikiri. Wakongomani mna likilimba, Warundi mna ikirimba, Wamalawi wana banki mkhonde. Mama wa zoni ya Katubza anayeshika pesa ya likilimba ya wanawake ishirini kwa miaka bila kwacha kupotea ana ujuzi ambao vyama vingine huajiri mhasibu kuupata. Mpeni uweka hazina. Ila mfuko wa chama usichanganywe na likilimba, maana likilimba ni pesa ya mtu inayorudi kwake kwa zamu, na ada haina zamu. Ada iwe ndogo kiasi ambacho mfanya ganyu anaweza kuitoa hata wiki mbaya. Kila anayetoa apate saini kwenye kadi yake mwenyewe, salio lisomwe kwa sauti mwanzo wa kila kikao, na pesa ikikaa kwenye Airtel Money au Mpamba, mwenye laini asiwe yule yule anayeandika daftari. Mfuko wa kwanza uwe wa jambo moja: chakula cha wiki moja kwa aliyekosa kazi kwa sababu alishika makubaliano. Bila huo, yule wa kuinua mkono nyuma atainua tena, na atakuwa na haki.

Daftari la pili ni la kazi. Kurasa zake ziwe za kawaida kabisa. Tuseme: Jumatatu, shamba njia ya Dowa, kupalilia, watu sita, tuliahidiwa 4,000 kila mmoja, tumeanza saa kumi na mbili asubuhi, tumemaliza saa nane, tumepewa 3,000, deni 1,000 mara sita. Halafu majina mawili ya mashahidi na, ikiwezekana, namba ya gari. Ninawasihi mliandike siku ile ile, wino haujakauka na hasira haijapoa, kwa sababu ukurasa ulioandikwa baada ya mwezi mwanasheria wa bwana ataupasua kwa maswali mawili. Miezi miwili ya kurasa hizi ina thamani kuliko barua ya kurasa kumi inayolalamika kwa jumla. Ukienda ofisi ya kazi ya wilaya, utakuwa na kitu mkononi. Na mnapokwenda huko, nendeni na Mmalawi aliyekuwa kwenye kazi ile ile, deni lake likiwa la kwanza kwenye orodha. Hilo linawakinga wengine dhidi ya swali la kibali kabla halijaulizwa.

Kuhusu paa la kukaa chini yake, msikimbilie kusajili chama chenu wenyewe. Chama cha wakimbizi pekee kitavuta macho ya kila ofisi, kitachukua mwaka wa karatasi na pengine kitakataliwa. Malawi ina vyama vilivyokwisha kusajiliwa. Chama cha sekta isiyo rasmi, MUFIS, kilisajiliwa mwaka 2004, kinawapanga wachuuzi na wengine wasio na mwajiri, na kimo katika StreetNet, shirikisho la kimataifa la wachuuzi. CIAWU inashughulika na biashara, viwanda na wafanyakazi wa nyumbani. Juu yao kuna shirikisho la MCTU. Waulizeni maswali ya wazi: mwanachama asiye raia mnampokea vipi? Ada inarudi tawini kiasi gani? Mtu wetu akikamatwa, mtatuma nani? Wakijibu kwa hotuba, rudini tena mkamwone mwingine. Kama mko kazini mahali pamoja, kumbukeni kwamba sheria inamlazimisha mwajiri kukitambua chama kinachowakilisha angalau asilimia 20 ya wafanyakazi wake. Kwenye ghala la watu hamsini kule Kanengo, hao ni watu kumi tu, na wengi wa hao kumi wakiwa Wamalawi ni vizuri zaidi.

Msivunjwe moyo na mtu atakayesema kwamba asiye na mwajiri hawezi kuwa na chama. Mwaka 1972 huko Ahmedabad, India, Ela Bhatt na wanawake wabeba mizigo na wauza nguo kuukuu walipokwenda kuandikisha SEWA, msajili aliwagomea kwa hoja hiyo hiyo: mtagoma dhidi ya nani? Walijibu kwamba chama ni cha kuwaunganisha wafanyakazi kwanza, na walisajiliwa Aprili mwaka huo. Na hapa hapa Malawi, wapangaji wa mashamba ya tumbaku kwa miongo mingi hawakuhesabiwa kuwa waajiriwa. Walipewa mbegu na unga kwa mkopo, na mwisho wa msimu wengine walitoka na deni. Chama chao kilipiga kelele miaka nenda rudi, na mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ajira na kuufuta mfumo huo. Utekelezaji ni habari nyingine, lakini sheria ipo.

Siku ya kumkabili bwana, msiende umati, na mtu asiende peke yake. Watatu wanatosha: mmoja wa kusema, mmoja wa kuandika, mmoja wa kuangalia saa na kuwakumbusha mliyokubaliana. Nendeni na dai moja na tarehe ya kurudi kusikia jibu. Msitishie kitu ambacho hamko tayari kukifanya kesho. Akisema ataongeza kidogo kwa hao watatu tu, ndipo mtajua mmemgusa, na ndipo mtajaribiwa. Maandamano barabarani Lilongwe sishauri kabisa kwa kundi lenye wakimbizi: picha zitapendeza, na jioni kuna watu watakaolala kituoni. Kazi ya mjini, ya vikao na ofisi, waongoze wanachama Wamalawi; kazi ya kambini, ya kuandika na kuwafikia watu wa zoni za Kawale, Likuni na Katubza, waongoze wakimbizi. Wala msikigeuze chama kuwa chombo cha siasa za kambi, za nani awe kiongozi wa zoni na nani kabila gani. Wakiona hivyo, waliokimbia vita kwa sababu ya mambo hayo hayo watawakimbia na ninyi.

Kitu kimoja cha Dzaleka hakimo kwenye vitabu vya vyama vya wafanyakazi: viongozi wetu huondoka. Kesi ya mtu ya kuhamia nchi ya tatu inaitika, anapanda ndege, na anaondoka na namba zote za simu kichwani. Kwa hiyo kila nafasi iwe na watu wawili tangu mwanzo, msaidizi ajue kila kitu anachojua mwenyewe, na daftari lisilale nyumba ya mtu mmoja. Aliyeondoka tumpongeze, tusimwonee kijicho, na tumwombe ada yake ya huko iendelee kuja.

Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, za kuandika, kutafsiri na kupanga data kwa malipo ya vipande, watasema hayo yote ni ya mashambani. Wasikilize ya Nairobi. Daniel Motaung alifukuzwa mwaka 2019 baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook kupitia kampuni iliyopewa kazi hiyo. Mei Mosi 2023 wachujaji wapatao 150 wa kampuni mbalimbali walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao, na miongoni mwao walikuwa watu wa mataifa kadhaa. Mwajiri wa mtandaoni naye ana mahali anapotegemea ninyi: hapati mtu wa kumtafsiria Kiswahili cha Kongo au Kirundi kila kona. Anzeni kwa kulinganisha bei za kazi mnazopewa, kama watu wa insentivu, na msikubali jaribio la bure linalochukua siku nzima.

Basi wiki hii tafuta watu saba wa kazi yako, wawili kati yao wawe Wamalawi, mwanamke awepo, kila mmoja umsikilize peke yake. Nunueni madaftari mawili. Mkishakuwa na kurasa za miezi miwili na jambo moja mlilolishinda, tumeni wawili waende kwenye chama kilichosajiliwa, mmoja wa kambini na mmoja wa kijijini, wakaulize ada ni kiasi gani na mkutano ujao ni lini.